Mbao za Mwembe

Jumatatu, 3 Februari 2025
Darasa la Sita, kipindi cha pili. Swali lilikuwa moja tu: mwembe wa nyuma ya ofisi, ambao watu wazima wawili wakishikana mikono hawaumalizi, mbao zake zote zile zimetoka wapi? Wakajibu papo hapo: udongoni. Wachache wakasema mbolea, wengine maji. Hewa haikutajwa na mtu, nami sikuitaja.

Watoto hawa fasili ya usanisinuru wanayo. Waamshe usiku wa manane, watakutajia kabonidayoksaidi bila kukosea herufi. Ila fasili ni ya mtihani, mwembe ni wa kupanda na kuangua, na viwili hivyo havijawahi kukutana.

Nimewaagiza waandike makisio yao kwa kalamu ya wino, na kufuta ni marufuku. Hapo ndipo pakawa na kazi. Wamezoea kwamba daftari ni la jibu la mwalimu. Walifunika kurasa kwa viganja, wakanitazama usoni wapate dokezo.

Tumepanda maharage kwenye makopo. Yatahitajika mwezi ujao.

Alhamisi, 6 Februari
Leo nimejilazimisha kunyamaza. Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, aliandika mwaka 1974 kuhusu muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ni kama sekunde 1, kisha anajijibu mwenyewe au anamrukia mwingine. Akisubiri 3 au zaidi, majibu hurefuka, na wale waliokwisha kuitwa wazito huanza kusema.

Sekunde 3 mbele ya watoto zaidi ya 80 ni ndefu kuliko inavyosikika. Wale wa dawati la mbele, walionyoosha vidole kabla swali halijaisha, walihangaika kweli. Halafu binti wa karibu na dirisha, ambaye sauti yake naijua kwa "shikamoo" tu, akasema: "Mwalimu, kama mti unakula udongo, mbona chini ya mwembe hakuna shimo?"

Sikumjibu. Nimeliandika swali lake juu kabisa ya ubao na kuomba lisifutwe. Mwalimu wa kipindi kilichofuata amelifuta, bila shaka.

Jumanne, 11 Februari
Nimewapa kisa cha mwanasayansi mmoja wa zamani, van Helmont. Alipanda mche wa mti kwenye chungu chenye udongo mkavu wa takriban kilo 90, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mche ulianza na kilo 2 na ushei, ukafika zaidi ya kilo 70. Kabla sijawaambia uzito wa udongo uliobaki, kila mtu aliandika kisio lake. Wengi walikisia chini ya kilo 30.

Udongo ulipungua kama gramu 60.

Pakawa na kelele ambayo sikutaka kuizima. Kijana mmoja alidai mzungu huyo alipima vibaya, na nikamsifu kwa shaka yake. Kundi la maji likashangilia, maana van Helmont naye alihitimisha kwamba mti umetokana na maji. Kisa chake kilichapishwa mwaka 1648, akiwa ameshafariki, na hitimisho lake lilikuwa na kasoro. Nimewaachia washangilie hadi wiki ijayo. Mwanasayansi aliyekosea baada ya kupima kwa makini anawafaa kuliko picha za magwiji zilizobandikwa ukutani.

Jumatano, 19 Februari
Kikwazo kimejitokeza: hewa haina uzito, wanasema, kwa hiyo haiwezi kuwa mbao. Hoja nzuri. Nisingewapa mada ya majani leo hata kwa fimbo.

Maputo mawili yaliyojazwa hadi kukaza, ufito, uzi katikati. Ujanja ni kubandika kipande cha selotepu mahali utakapotoboa, puto lisinyae polepole lisirushe vipande, kwa sababu kipande kikipotea uzito wa mpira nao umepotea. Makisio kwanza, kwa wino. Puto likanywea, na upande wa pili ukashuka, kidogo, lakini kila jicho liliona. Mmoja akataka turudie kwa kutoboa la upande wa pili. Hilo halikuwa kwenye andalio langu la somo. Tulirudia.

Ijumaa, 7 Machi
Mwezi wa Ramadhani, wengi wamefunga na mimi pia. Maharage yalikaa siku mbili ndani ya kabati la ofisi ili wanga uliomo majanini uishe, kisha tukafunika nusu ya kila jani kwa karatasi ya fedha na kuyatoa juani tangu asubuhi. Majani tuliyachemsha, tukayatia kwenye kopo la spiriti lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto yaliyokwisha epuliwa. Jiko lilizimwa kwanza. Spiriti na moto havikai pamoja, na hili nimelisema kwa ukali nisiokuwa nao kwa mengine.

Jani likapauka. Matone ya aidini, na sehemu iliyopata jua ikawa ya buluu nyeusi, iliyofunikwa ikabaki rangi ya aidini tu. Wamefungua kurasa za Februari kutazama walichokiandika. Wawili watatu waliomba ruhusa ya kukifuta. Nimekataa.

Jumatatu, 10 Machi
Mwenzangu wa hisabati kaniambia ofisini: "Mwalimu, mtihani wa Taifa hauulizi makisio. Unauliza A, B, C." Ana haki, mada imekula vipindi vingi na azimio la kazi limechelewa. Nitafidia kwenye mashine rahisi, ambazo wanazijua kutoka visimani na mashambani.

Ila yule binti wa dirishani ameuliza tena: ikiwa mmea unajijenga kwa hewa na maji, kwa nini baba yake ananunua mbolea kila msimu? Naitrojeni na fosforasi najua, na zile gramu 60 ndipo pa kuanzia. Sitamwambia bado. Mahindi yapandwe kwenye mchanga uliooshwa, makopo mengine yapate samadi, mengine maji peke yake. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Utafutwe wa mtoni.