Mapipa ya Bustani: Safari ya Madimba



Mwezi wa Agosti nalitoka Mtwara mjini asubuhi, nikashika njia iendayo Msimbati, nipate kufika Madimba kwa mwalimu mmoja mzee aliyekwisha pumzika kazi. Nalikuwa nimesikia habari za bustani yake, nami nalitaka kujua jambo moja: pipa kubwa la kupandia mboga, lidumulo, hupatikanaje?

Njia ile yapita kati ya mikorosho na minazi. Watu wa mbali waijua Madimba kwa mtambo wa kusafisha gesi asilia uliozinduliwa mwaka 2015, ambao gesi yake hupelekwa kwa bomba hata Dar es Salaam. Lakini mimi nalitazama ardhi. Pwani hii ina mchanga mwingi, maji hayakai. Tena msimu wa mvua ni mmoja tu, tangu Desemba hivi hata Aprili. Baadaye jua huwaka na kusi huvuma. Basi atakaye mchicha wa kiangazi hana budi kuufunga udongo mwema ndani ya chombo, maji machache yasipotee bure.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, twende uani."

Akanionyesha vyombo vitatu. Cha kwanza kilikuwa mtumbwi mkuukuu uliojazwa udongo. Ulizaa vema miaka miwili, kisha mchwa wakauingia kwa chini. Cha pili ni pipa la chuma; hewa ya chumvi ilikuwa imelila, hata nikilisukuma kwa kidole lapukutika. Cha tatu ni mapipa ya plastiki ya buluu, ya lita 200, yaliyokatwa kwa msumeno katikati, kila moja likawa mawili. Humo mlistawi mchicha, bilinganya na pilipili.

Nikasema, "Basi jibu ni hili la buluu." Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Ndivyo nilivyosema mimi, na nusura tujute."

Pipa lake la kwanza alilinunua kwa bei rahisi. Muuzaji alimwambia lilikuwa na sabuni, naye hakuuliza zaidi. Mkewe alilisuuza mara tatu, wakapanda nyanya. Siku moja baada ya kumwagilia, mjukuu wao alichuma nyanya akaipeleka kinywani. Bibi yake alikuwa karibu, akasikia udongo ule wanuka kama dawa ya kupulizia mikorosho. Akampiga mtoto mkono, nyanya ikaanguka. Wakaing'oa miche yote, wakalitoboa pipa pande zote mtu asije akalitekea maji. "Tulikosa mboga kiangazi kizima," akasema, "lakini mtoto hakula."

Haya ndiyo aliyonifundisha. Kwanza, uliza pipa lilibeba nini. Kama hakuna ajuaye, liache. Lililobeba chakula, kama mafuta ya kula, ndilo lifaalo. Alama ya pembetatu yenye namba 2 yaonyesha aina ya plastiki iliyo ngumu, bali haisemi kilichokuwa ndani. Pili, libonyeze: likifanya nyufa, jua limekwisha kulimaliza. Tatu, pipa la petroli usilikate kwa moto hata likionekana tupu, kwa maana mvuke uliobaki huweza kulipuka.

Ukiisha kulipata, litoboe chini, uliinue juu ya mawe, maji ya ziada yatoke. Tandika makumbi ya nazi, kisha tia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Tena liweke kabisa mahali pake kabla ya kulijaza, kwa kuwa pipa zima lenye udongo uliolowa hupata kilo 250 na zaidi. Nusu pipa latosha mboga za majani.

Jioni nalirudi mjini. Njiani naliona pipa la buluu, zuri, na bei yake nusu ya mengine. Nikauliza lilibeba nini. Kijana akacheka, "Sijui, mzee, lakini ni safi." Mkono ulikuwa mfukoni tayari, nikautoa mtupu. Baada ya majuma mawili nalipata jingine kwa mwoka mikate, lililokuwa na mafuta ya kula, kwa bei kubwa zaidi. Mchicha umekwisha ota, na watoto wangu huuchuma wenyewe.

Kwaherini.