Maabara, VVU na Swali la Mzee

Kazi ya maabara niliianzia hospitali ya Kagondo, wilayani Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na vijijini bado watu waliuita Juliana.

Nilisoma slaidi za malaria, nikapima makohozi na makundi ya damu. Kazi hiyo ya makundi ndiyo iliyonitia hamu ya kusoma zaidi. Unadondosha damu kwenye kigae cheupe, unaongeza tone la anti-A, unakitikisa taratibu. Mtu akiwa kundi A, damu inakatikakatika kama mchanga. Kinachoshikwa pale ni sukari iliyo juu ya chembe nyekundu.

Nilipokwenda masomoni nikakutana na lektini, yaani protini zinazoshika sukari. Seli za kinga zinazo nyingi. Iliyonikaa kichwani ni DC-SIGN, ya seli za dendriti. Ina kichwa kinachoshika sukari kwa msaada wa kalsiamu, shingo ndefu, na mkia ulio ndani ya seli. Kichwa kimoja hushika kwa udhaifu, kwa hiyo protini nne huungana shingo na kunasa kwa pamoja. Hutafuta manosi, sukari iliyojaa juu ya vijidudu vingi, vikiwemo vya kifua kikuu.

VVU navyo vimejaa manosi. Mwaka 2000 Teunis Geijtenbeek, Yvette van Kooyk na wenzao huko Uholanzi walionyesha kwamba DC-SIGN huvinasa, lakini badala ya kuvimaliza huweza kuvikabidhi vikiwa hai kwa seli za CD4. Mwaka 2007 kundi la Geijtenbeek likaonyesha kinyume chake: langerini, lektini ya seli za Langerhans, huvinasa virusi hivyohivyo na kuvipeleka kuharibiwa. Sukari ni ileile. Tofauti ni mahali kila lektini inapoipeleka.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza kwamba BanLec, lektini ya ndizi, hushika sukari za VVU na kuvizuia kuingia kwenye seli, ndani ya maabara. Habari kama hiyo haikawii kufika kwetu Uhayani, mkoani Kagera. Mzee mmoja aliyekuja kupimwa aliniuliza: “Mwanangu, kama ndizi ni dawa, mbona sisi tunaozila kila siku ndio tuliozikana sana?”

Kazini sikuwahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Nilimjibu, “Mzee wangu, ndizi ya kula haikupi lektini ya kutosha kwenye damu kuzuia virusi.” Isitoshe, BanLec ya asili huchochea chembe nyeupe zigawanyike ovyo. Ndiyo maana mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wamebadilisha asidi amino yake moja, ya 84, ili uchochezi upungue na uwezo wa kupambana na virusi ubaki.

Wodi zetu zilibadilishwa na dawa za ARV, ambazo serikali ilianza kuzisambaza kwa mpango wa kitaifa mwaka 2004. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia tunda fulani linaua virusi, uliza kwanza limejaribiwa kwa nani: kwa seli zilizo kwenye chupa au kwa binadamu? Ukisubiri jibu, endelea kumeza vidonge vyako.