Mkalimani wa Mashine

Bandari ya Unguja iliishi kwa ukalimani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Maskati, wa Kachi, wa Hamburg na wa Salem walikutana Mji Mkongwe, na bei ikafahamika kwa sababu palikuwapo mtu wa tatu aliyezijua lugha zao. Mkalimani huyo hakuwa na pembe wala karafuu. Mali yake ilikuwa ulimi, lakini siku aliyokosekana shehena ilingoja ufukweni. Kazi yake haikufa. Imehamia mahali ambapo wazee hawakupatarajia: katika sanduku la chuma lililotundikwa ukutani mwa nyumba ya pampu.

Unguja haina mto mkubwa wala ziwa la kunywesha mji. Maji yake mengi hutoka chini ya ardhi, na hayafiki ghorofani bila ya nguvu ya kuyasukuma. Popote pampu zinapoongozwa kwa mitambo ya kisasa huwapo kidhibiti, yaani kompyuta ya viwandani inayowasha mota tangi linapopungua na kuizima linapojaa. Chombo hiki kilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa haja ya viwanda vya magari. Aghalabu hakina kioo cha kusomea mambo yaliyomo ndani yake. Fundi anayetaka kukikagua huja na kompyuta yake, huunganisha waya, kisha huitegemea programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Draiva ndiyo mkalimani. Hulichukua swali la kompyuta, hulipeleka kwa ishara ambazo kidhibiti huzifahamu, na hurudi na jibu.

Matata huanzia hapa. Fundi huuliza, husubiri, na kompyuta humwambia kuwa muda wa kungoja jibu umekwisha. Mwenye pupa hukata shauri papo hapo kwamba kidhibiti kimekufa, akaagiza kingine kwa fedha nyingi, ilhali mota inazunguka mbele ya macho yake. Kimya si mauti. Mara nyingi pande zote mbili ni nzima, na kilichovunjika ni mapatano baina yao.

Mapatano hayo ni machache, walakini hayana msamaha. Modbus, kanuni ya mawasiliano iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na ambayo ingali ikitumika duniani, huzitaka pande mbili za waya ziwe na kasi moja, hesabu moja ya biti, na njia moja ya kuhakiki makosa. Kompyuta ikisema kwa kasi ya biti 19,200 kwa sekunde, na kidhibiti kikasikiliza kwa 9,600, hufika makelele matupu. Kila kidhibiti kina namba yake, tangu 1 hadi 247, na kinachoitwa kwa namba ya jirani hakiitiki. Kwa upande wa kompyuta nako mna mitego. Adapta ya USB ikihamishwa tundu huenda ikapewa namba mpya, COM 5 badala ya COM 3, na draiva ikaendelea kubisha hodi katika nyumba iliyohamwa. Pengine programu nyingine imesahauliwa wazi na imeushika mlango ule ule, nao kwa kawaida haupokei wageni wawili kwa wakati mmoja.

Fundi mwenye busara huanzia chini akapanda juu. Hutazama umeme na waya, kisha namba ya mlango, kisha kasi na biti, kisha namba ya kidhibiti. Mwisho ndipo aituhumu programu. Adapta yake ikiwa na taa mbili, ya kutuma na ya kupokea, taa hizo humwambia mengi. Isipowaka hata moja, swali halijatoka katika kompyuta. Ikiwaka ya kutuma peke yake, swali limetoka na jibu halikurudi. Hubadili jambo moja, hujaribu, huandika. Abadiliye matano kwa pamoja, hata akifaulu, hajui ni dawa ipi iliyomponya mgonjwa, na maradhi yakirudi ataanza upya.

Unguja yajua gharama ya uzi uliokatika. Mwaka 2008, tangu Mei hadi Juni, kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme wa bara. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza lilirudi, kwa hitilafu ya waya upitao chini ya bahari. Pampu zilisimama, na ndoo na madumu yakapita katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100. Misiba ile ilikuwa mikubwa na kila mtu aliiona. Kosa la namba moja ndani ya sanduku la pampu halionwi na mtu. Lakini mama wa ghorofa ya tatu ambaye mfereji wake umekauka haoni tofauti.

Hapana budi basi kuuliza kwa nini kosa dogo hukaa siku nyingi. Mitambo mingi huletwa na wageni. Huipanga kasi, hutoa namba, huweka neno la siri, halafu hupanda ndege. Mapatano yote ya mashine hubaki katika kichwa cha mtu mmoja, na mtu husafiri, huacha kazi, hufa. Anayerithi funguo hurithi mlango asioweza kuufungua, na mji hulazimika kumlipa mgeni mara ya pili ili auambie lililo lake.

Nyumba ya nyaraka iliyoko Kilimani imetunza barua za masultani na mabalozi, na kwa hizo wanazuoni huzijua leo ahadi zilizofungwa zamani. Ahadi baina ya kompyuta na pampu yastahili wino vilevile: jina la draiva na toleo lake, kasi, biti, namba ya kidhibiti, na mahali lilipohifadhiwa neno la siri. Mistari mitano hiyo yaenea katika karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa sanduku. Kijana atakayeitwa usiku wa manane, mkononi ana tochi na kompyuta, ataisoma kabla ya kugusa waya wowote, na alfajiri maji yatapanda.