Kipima masafa cha leza: dola 300 zinanunua nini?

Leo tunaweka PHP na hifadhidata kando kidogo, maana nina jambo ambalo limenichezea akili tangu Desemba.

Nina binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayeishi Texas. Kazi yake ni uuguzi, lakini kwa miaka miwili hivi ameshikwa na ugonjwa wake mwenyewe: kulenga shabaha kwa bunduki. Tena si mita mia. Ni mabamba ya chuma yaliyotundikwa yadi 600, 800, hata 1,000. Na ikifika Novemba, huenda na wenzake wa kazini kuwinda ayala (wale wanyama wanaofanana na paa, wenye pembe kama matawi) kwenye shamba la familia ya mmoja wao. Akaniandikia: "Mdogo wangu, si wewe ndiye uliyesomea kompyuta? Nichagulie kipima masafa. Nina dola 300, nikizidisha hapo mama watoto atanifukuza."

Mimi sijawahi kushika bunduki, na hapa kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo ushauri wangu juu ya kupiga wanyama hauna thamani yoyote. Lakini kifaa kinachohesabu nanosekunde na kuuzwa kwa bei ya simu ya kawaida? Hilo singeliacha lipite.

Kwanza, kwa nini mtu ahitaji kupima? Kwa sababu risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka kwenye mtutu, na kadiri inavyokwenda ndivyo inavyopungua kasi, hivyo mwisho wa safari inashuka kwa mteremko mkali kuliko mwanzo. Niliandika programu fupi ya Python kuhesabu njia ya risasi yake, ya .308. Ukikosea umbali kwa mita 10 wakati shabaha iko mita 300, risasi itapita juu au chini kwa takriban sentimita 3. Hakuna atakayejua. Kosea mita hizohizo 10 shabaha ikiwa mita 900, na umepotea kwa sentimita 15 au zaidi. Kosa ni lilelile, adhabu ni mara tano.

Kumbuka kwamba kuna watu wanaopiga mbali sana bila kipima masafa chochote. Pale Bisley, Uingereza, ambako mashindano yamefanyika tangu 1890, mistari ya kufyatulia imepimwa na kujulikana. Unalala kwenye yadi 1,000 na ni yadi 1,000 kweli. Shida ni ya yule anayekuta shabaha mahali asipopajua, na hasa shabaha yenye miguu.

Sasa utaratibu wenyewe. Kifaa hutuma mpigo mfupi wa mwanga usioonekana, mara nyingi wa nanomita 905, kisha hungoja mwangwi. Mwanga huenda kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Kwenda na kurudi, mita moja ya umbali ni nanosekunde 6.67. Prosesa ya gigahezi 3 inapata mizunguko 20 tu kwa muda huo! Kukosea nanosekunde moja ni kukosea sentimita 15. Ukweli ni kwamba sehemu hii, ambayo mimi ndiyo iliyonishangaza, ndiyo iliyo rahisi kwa watengenezaji siku hizi. Hata vifaa vya bei ya chini vinapima muda vizuri. Kazi ngumu ni kuupata huo mwangwi.

Fikiria kiasi cha mwanga kinachorudi kutoka kwenye manyoya ya mnyama aliye mita 400. Ni kidogo mno, na jua nalo linamwaga mwanga wake kwenye lenzi ileile. Vifaa vingi kwa hiyo hutuma mipigo mingi na kujumlisha majibu. Kelele huja ovyo na hufutana, mwangwi wa kweli huja mahali palepale kila mara. Ukijumlisha mipigo 100, mwangwi unajitokeza mara 10 zaidi juu ya kelele. Ni kama kutafuta hitilafu kwenye faili la kumbukumbu za seva: mstari mmoja haukwambii kitu, ila ukiupanga mwezi mzima unaona kinachojirudia.

Hapo ndipo maandishi ya kwenye boksi yanapohitaji kusomwa kwa jicho la wakili. "Yadi 1,200" maana yake ni yadi 1,200 kwenye kitu kinachong'aa, kama kibao cha barabarani. Kwa mti punguza sana. Kwa mnyama, usishangae ukipata theluthi moja ya hiyo namba. Kama unafikiri kioo hakileti tofauti kubwa, kumbuka kwamba wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioakisi mwezini mwaka 1969, na hadi leo wanasayansi hupima umbali wa mwezi kwa kuvipiga kwa leza kutoka duniani. Kilomita 384,000 hivi! Hiyo haimaanishi kwamba leza yao ingemwona mbuzi aliye mwezini :-)

Na mbuzi ndiye niliyemtumia. Binamu alikuja nyumbani likizo ya Desemba na vifaa viwili, vyote vikiwa na ruhusa ya kurudishwa dukani hadi mwisho wa Januari. Cha kwanza, dola 120, jina ambalo sijawahi kulisikia, boksi linasema yadi 1,200. Cha pili dola 270, yadi 1,500. Nyumbani kwetu ni Machakos, kwenye mteremko unaotazama mteremko mwingine ng'ambo ya bonde, na huko ng'ambo kuna kila kitu: mabati ya kanisa, miembe, matuta ya shamba, na mbuzi wa jirani.

Umbali wa kulinganisha niliupata kwenye picha za setilaiti. Hapa panahitaji uangalifu. Picha hupima umbali wa mlalo, leza hupima mstari wa moja kwa moja. Kanisa liko mita 612 kwenye picha, na liko juu yetu kama mita 70. Pythagoras anasema leza isome 616. Vifaa vyote viwili vikasoma 616 au 617, kila mara, mchana kweupe. Binamu akaanza kucheka: "Basi narudisha hiki cha bei kubwa, dola 150 zinabaki mfukoni."

Nikamwomba asubiri mbuzi.

Mbuzi wa kahawia, amesimama kwenye tuta, mita 290 hivi, na nyuma yake ukingo wa tuta linalofuata, mita 40 zaidi. Kile cha dola 120 kikasoma 291. Kikasoma 331. Kikasoma 330, halafu hakikusoma chochote. Katika majaribio kumi kilimpata mbuzi mara nne. Kile cha dola 270 kilimpata mara nane, na mara mbili zilizobaki kilikataa kusoma, jambo ambalo kwangu ni heshima kuliko kusema uongo.

Sababu ni upana wa mwale. Leza hizi si uzi mwembamba kama wa kwenye sinema. Mwale hupanuka, na upanuzi wake hutajwa kwa miliradiani: miliradiani moja ni mita moja ya upana kwa kila mita 1,000. Mwale wa miliradiani 4 ukifika mita 300 una upana wa mita 1.2. Mbuzi hana mita 1.2. Kwa hiyo sehemu ya mwanga inampiga mbuzi, sehemu inampita na kupiga udongo nyuma yake, na kifaa lazima kiamue kipi ndicho mwangwi. Udongo mkubwa unarudisha mwanga mwingi kuliko mbuzi mdogo. Namba hii ya mtawanyiko wa mwale ndiyo ningeitafuta kabla ya kuangalia "yadi 1,200", na ajabu ni kwamba karatasi ya kile cha bei rahisi haikuitaja popote.

Binamu alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kisa cha Novemba. Alikuwa amelala kwenye nyasi na kipima masafa cha kuazima, ayala dume mbele yake, jioni inaingia. Kifaa kikamwambia yadi 310. Akabonyeza tena, 352. Akabonyeza tena, 310. Hakufyatua. Wenzake walimcheka usiku kucha.

Tulikaa chini tukaendesha ile programu. Ukielekeza bunduki kwa yadi 310 na mnyama yuko 352, risasi inashuka karibu sentimita 12 chini ya pale ulipokusudia. Sehemu ya moyo na mapafu ya ayala ina upana wa sentimita 20 hadi 25. Toka katikati, shuka 12, umefika ukingoni au umeupita. Huyo mnyama haanguki. Anakimbia na jeraha hadi gizani, na kufa kesho yake au wiki ijayo. Mimi si shabiki wa uwindaji, hilo nilimwambia waziwazi, lakini nilimwambia pia kwamba waliomcheka hawakuwa na hoja.

Kuna jaribio jingine ambalo linafaa kwa kifaa chochote. Alama unayoiona ndani ya lenzi na mahali mwale unapokwenda si lazima viwe kitu kimoja. Tafuta nguzo iliyosimama peke yake mbele ya anga tupu, kama mita 100. Sogeza alama polepole kutoka kushoto huku unapima, uone inaanza kusoma wapi. Rudia kutoka kulia, na kwa ncha ya nguzo kutoka juu. Kile cha dola 120 kilianza kuisoma nguzo wakati alama imeshaipita kuelekea kulia. Yaani kilikuwa kinatazama kushoto kwa alama yake. Unaweza kuishi na hilo ukilijua, lakini hakuna boksi litakalokuambia.

Mambo madogomadogo. Kioo cha maandishi meusi hakionekani jioni, na jioni ndiyo saa ya mnyama, na ndiyo saa leza hufanya kazi vizuri kwa sababu jua limepoa. Tafuta maandishi mekundu yanayowaka. Vifaa vya gofu viepuke hata kama vimepakwa rangi ya majani: vingi vimepangwa kupendelea kitu kilicho karibu, yaani bendera, wakati mwindaji anataka kuruka nyasi zilizo mbele. Hakikisha kina njia ya kuchagua mwangwi wa mwisho. Kwa milimani, kiwe na hesabu ya pembe: mita 500 kwa mteremko wa digrii 30 ni mita 433 tu za mlalo, na hizo 433 ndizo za kutumia kwa makisio ya kwanza ya risasi inavyoshuka. Betri ya CR2 hutaipata dukani Machakos, nilijaribu. Na mkono unatetemeka. Tulipokiweka kile cha pili juu ya mfuko wa mchanga, mbuzi wa mita 290 alipatikana mara kumi kwa kumi, na mwembe wa mita 700 ambao mkononi ulikuwa bahati nasibu ukaanza kusomeka.

Vifaa vya zaidi ya dola elfu moja vipo, na mwale wao ni mwembamba kweli. Kwa mabamba ya chuma si lazima. Bamba kubwa jeupe mbele ya kilima linarudisha mwanga vizuri, na ukikosa unapata mlio wa kimya, basi.

Alirudisha kile cha dola 120. Dola 30 zilizobaki kwenye bajeti zilinunua kishikio cha kukifunga kwenye stendi ya kamera. Mabamba anayapiga hadi yadi 800. Kwa ayala amejiwekea yadi 300, na vipimo vitatu vinavyolingana mfululizo. Visipolingana anasogea karibu au anarudi kambini. Wiki iliyopita aliniuliza kama ile programu ya Python inaweza kuingia kwenye simu. Inaweza, ila nimemwambia anipe wikendi moja, na anitumie kasi halisi ya risasi zake badala ya ile iliyoandikwa kwenye pakiti.