Ugonjwa wa Asubuhi

Kazi iliyonipa jina hapa Soy si kushusha injini wala kufungua gia. Ni magari yanayotetemeka alfajiri na kutulia jua likishatoka. Wenyewe huja na malalamiko yale yale: gari likiwashwa saa kumi na mbili asubuhi linanguruma kwa kukatakata, linataka kuzima, usukani unacheza mkononi, likifika Eldoret limetulia tuli, na fundi wa huko anasema halina neno.

Ufundi nilijifunzia Eldoret, chini ya mabati, enzi za Peugeot 504. Ndizo zilizokuwa teksi za abiria wa Nairobi, na fundi aliyezijua hakulala njaa. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na baadhi ya madereva wetu waliliendesha kana kwamba mashindano hayajaisha. Baridi ya Peugeot ilikuwa na dawa moja: choki. Unaivuta, hewa inapungua, mafuta yanazidi, injini inapokea. Petroli ya baridi haigeuki mvuke kirahisi. Nyingine hunata kwenye kuta za manifoldi, na kinachofika kwenye silinda ni hewa nyingi na mafuta kidogo. Mzee aliyenifundisha alisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, mpini ukiwa sikioni. Alitukataza kabisa kugusa skrubu za kabureta kabla injini haijapata moto. Nikafanya mtihani wa ufundi wa serikali, gredi ya tatu, nikarudi nyumbani na kufungua gereji kando ya barabara ya Kitale.

Magari ya injekta yalipoingia, choki ikaondoka na kazi yake ikachukuliwa na kompyuta. Kompyuta nayo haijui baridi mpaka iambiwe na sensa ndogo iliyozama kwenye maji ya injini. Ikisikia maji ni baridi, inaongeza mafuta na kupandisha mzunguko kidogo hadi joto lifike. Hapo ndipo desturi moja ya mafundi wetu inaponikera: kung'oa themostati. Huku kwetu ni juu, karibu mita 2,000, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kikichoka na kushindwa kushika presha, gari linachemka likipanda mlima likiwa na magunia ya mahindi. Fundi, badala ya kuuliza bei ya kifuniko, anatoa themostati na kuitupa. Kweli, halichemki tena. Lakini sasa maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini haipati joto lake, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya alfajiri hadi saa sita mchana. Plagi zinakuwa nyeusi, tangi linakauka, na mwenye gari anauziwa plagi mpya. Themostati nilizorudisha ni nyingi kuliko nilizowahi kutoa.

Lakini gari ninalolikumbuka zaidi ni Probox la mama mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa mjini. Themostati ilikuwepo. Plagi mpya, koili mpya, hata pampu ya mafuta alikuwa ameshauziwa, kwa sababu mashine ya kusomea ilitoa kodi P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Kuzidi kwa hewa kuna sababu mbili: ama mafuta ni haba, ama kuna hewa inayoingia pasipopimwa. Mafundi walionitangulia walishika ile ya kwanza, ambayo ndiyo yenye faida dukani.

"Mama, liache hapa lilale," nikamwambia.

"Na maziwa yangu, fundi?"

"Maziwa tutayatafutia boda."

Ilikuwa Julai, wakati alfajiri ya Soy huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Nilimkataza kijana wangu kugusa ufunguo kabla ya vifaa kuwa tayari, maana dalili hii hukaa dakika chache tu. Akawasha. Boneti ikatikisika, umande ukachuruzika. Nikachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta (hiyo huwaka moto, kwa hiyo mbali na ekzosi, na kizima moto miguuni) nikapuliza kidogo kidogo: mpira wa breki, kimya, mpira wa mvuke wa oili, kimya. Nilipofika pale manifoldi ya plastiki inapokutana na kichwa cha injini, mngurumo ukapanda na kunyooka kwa sekunde mbili, kisha ukarudi kukatakata. Ile dawa ilikuwa imefyonzwa ndani na kuungua kama mafuta. Nikarudia, ikajibu vile vile. Injini ilipopata moto nilipuliza mahali hapo hapo na haikujibu kitu.

Gasketi ya pale ni ya mpira. Ikizeeka inakauka, kwenye baridi inasinyaa na kuacha upenyo, kwenye joto inatanuka na kuziba. Hewa ya upenyo huo inaingia baada ya ile sensa inayopima hewa, kompyuta haina habari nayo, na mafuta yanakuwa pungufu. Nilifungua manifoldi, nikasafisha uso wake bila kuukwaruza, nikaweka gasketi mpya na kukaza bolti kidogo kidogo kuanzia katikati. Bei yake haikufikia hata robo ya ile pampu. Mama alilala kwa ndugu yake jirani ili aje kuliwasha mwenyewe asubuhi iliyofuata, na likaitika mara moja.

Basi gari lako likitetemeka asubuhi tu, usilipeleke gereji likiwa na moto. Lipeleke jioni, lilale huko, na uwepo linapowashwa. Fundi akikuambia hana muda wa kungoja kuche, mtafute mwingine.