Jina la Ulingoni

Swali ambalo watu huuliza kwanza kuhusu mieleka ya kwenye televisheni ni hili: kweli au uongo? Nimelisikia Palma mjini, nimelisikia kijijini kwetu Nhica do Rovuma, na hapa kituoni nalisikia kila wiki, maana vijana wakipata simu yenye chaji kitu cha kwanza ni kutafuta mieleka. Swali si baya, ila halifiki mbali. Wale wawili ulingoni wanajua tangu mapema nani atashinda, na hilo siku hizi si siri tena. Lakini mgongo unaogonga mbao ni mgongo wa kweli, na shingo ni shingo. Mimi huuliza kingine: yule mtu pale ulingoni, jina lake kapewa na nani? Na siku akishindwa kuinuka, nani atamwinua?

Nitaeleza kwa nini, maana hapa kwetu jambo hili halikuishia kwenye televisheni.

Sisi wa Nhica tunasema Kimakwe, na Kiswahili chetu ni cha mtoni, kimechanganyika na cha Mtwara. Kabla ya vita vitu vingi vilitoka ng'ambo ya Ruvuma: sabuni, khanga, betri, na CD za filamu. Palikuwa na banda moja la video lenye jenereta, ukilipa metikali tano unakaa kwenye mkeka mpaka mafuta yaishe. Humo ndimo nilimomwona Kamala. Mikanda ilikuwa ya zamani hata wakati huo. Jitu kubwa jeusi, miguu peku, uso umechorwa rangi, tumbo lina nyota na mwezi, mkononi mkuki. Mtangazaji anasema: huyu ametoka Uganda. Kamala hasemi neno. Anaguna, anapiga tumbo lake kama ngoma, anashangaa taa kama mtu asiyewahi kuona taa. Banda zima lilikuwa likicheka, na wakati huohuo tukijisikia vizuri, kwamba Mwafrika mwenzetu anawatupa Wazungu huku na huku.

Basi, Kamala hakuwa Mganda. Jina lake lilikuwa James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1950 jimbo la Mississippi. Alikulia kwenye umaskini wa mashambani, akaendesha malori, akaanza mieleka mwishoni mwa miaka ya sabini kwa jina la Sugar Bear Harris. Alizunguka kutafuta kazi, akafika mpaka Uingereza. Mwaka 1982, mjini Memphis, wenye mchezo wa pale, Jerry Lawler na Jerry Jarrett, wakamtengenezea sura mpya: mshenzi kutoka Uganda. Hadithi iliyotangazwa ilisema aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Picha za kumtambulisha, zile za "msituni", zilipigwa kwenye shamba la Jarrett huko Tennessee. Amin alikuwa ameshapinduliwa tangu 1979, lakini Mmarekani akisikia Uganda bado alimkumbuka yeye, kwa hiyo jina hilo liliuza tiketi.

Sharti kubwa la sura hiyo lilikuwa kutosema. Mtu aliyezaliwa na Kiingereza kinywani alitakiwa mbele ya watu asionekane anakijua, na mwingine mwenye kofia na kinyago awe anamwongoza kama mnyama.

Sasa mtu asije akasema naipinga sanaa. Kuvaa sura ya mwingine si aibu. Jirani zetu Wamakonde wana mapiko. Mchezaji anavaa kichwa cha mti kilichochongwa, mwili wote umefungwa nguo, na wanaume waliopita jandoni wanajua kabisa ni nani yumo ndani, ila hawasemi. Lipiko anaweza kuwa mzee, shetani, mwanamke mrembo, hata Mzungu wa serikali ya Mreno. Lakini lipiko ni wa kijiji. Wachezaji wenyewe na watu wao ndio wanaoamua leo tumcheke nani. Ngoma ikiisha, mtu anavua kichwa, anakwenda kula ugali wake, na hakuna anayemdai kitu.

Harris alipovua alibaki na nini? Hapo inabidi kuijua kazi yenyewe. Mwanamieleka wa kujitegemea ni kama fundi wa kuzunguka. Analipwa kwa usiku mmoja, nauli yake, chakula chake, bandeji zake. Mapumziko yakifika anakaa kwenye meza kuuza picha na fulana, maana mara nyingi hapo ndipo pesa ilipo. Hata kwenye kampuni kubwa ya WWE, ambayo zamani iliitwa WWF, wanamieleka si waajiriwa. Mkataba unawahesabu kama wakandarasi huru, na bima ya afya kila mtu anajitafutia. Ulingo nao si godoro kama unavyodhaniwa. Ni mbao juu ya vyuma, sponji nyembamba, na turubai juu yake. Ufundi mkubwa ni kuanguka: bana kidevu kifuani, toa pumzi, kita mgongo wote kwa pamoja na upige sakafu kwa mikono, ili uzito ugawanyike. Ukikosea kidevu, kisogo ndicho kinachopokea. Na yule anayekunyanyua ndiye mlinzi wako, ingawa watu wanamwona adui. Fanya hivyo usiku baada ya usiku kwa miaka ishirini, halafu mwulize tena yule mtu kama ni uongo.

Harris alipigana na Hulk Hogan kwenye kumbi zilizojaa. Agosti 1992 alipambana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu karibu 80,000. Baadaye alieleza hadharani kwamba malipo yake hayakukaribia ya wale waliosimama upande wa pili. Mwaka 1993 aliondoka, akarudi kwenye malori, na mieleka akaifanya hapa na pale. Kisukari kikamwandama. Mwaka 2011 alikatwa mguu wa kushoto, uliofuata akakatwa wa kulia. Mashabiki ndio waliochangishana kumsaidia. Alifariki Agosti 2020, wakati wa Korona. Mganda wa televisheni amekufa bila miguu, huko kwao Mississippi.

Waganda wa kweli je? Wapo, na ndio vijana wetu wanaowatazama siku hizi. Mjini Mukono, mashariki ya Kampala, kuna kundi linaitwa Soft Ground Wrestling. Lilianzishwa 2023 na Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiitangaza mieleka ya Marekani kwa Kiluganda ili watu wa kwao waielewe. Pesa ya ulingo wa chuma hawakuwa nayo. Wakasimamisha nguzo za mianzi, wakazungusha kamba, na badala ya sakafu wakaweka udongo uliolainishwa. Wavulana na wasichana wanarushana kwenye tope, wanainuka wamejaa matope mpaka meno, na video zao zimetazamwa na mamilioni ya watu nchi za mbali. Sisemi ni peponi. Tope halizuii mfupa kuvunjika. Lakini anayetunga hadithi ni mwenzao, anasema lugha yao, na Mganda pale anaruhusiwa kufungua mdomo.

Hapo sasa nije kwetu.

Mpwa wangu ana miaka 17. Baba yake alikuwa Palma mjini siku ile ya 24 Machi 2021, na tangu siku hiyo hajaonekana. Sisi wengine tulitembea kwa miguu kwenda upande wa Nangade, na baadaye tukafika huku. Kijana amekuwa mkubwa, mabega kama mlango, mweusi wa kung'aa, na jioni nyuma ya tangi la maji yeye na wenzake wanacheza mieleka mchangani. Wanacheza vizuri, nasema kweli.

Akaja kijana mmoja wa mjini mwenye simu nzuri. Akawatazama siku mbili, akasema anataka kuwapiga video za kuweka mtandaoni, kila mmoja metikali 200 kwa siku. Tena ana hadithi tayari: mmoja atakuwa Deslocado, mkimbizi mnyonge. Mwingine, huyu mwenye mabega, atakuwa Mashababu. Atafungwa kitambaa usoni, atashika panga la mbao, na hatasema, atapiga kelele tu.

Mpwa wangu alikuja mbio kunieleza. Metikali 200 unajua ni nini hapa. Nilipokunja uso akaniambia, "Mjomba, si ni maigizo tu? Wewe mwenyewe ulisema wote wanajua nani atashinda."

Hoja yake ilikuwa na nguvu, na sikutaka kuivunja kwa ukubwa wa mjomba. Nikamweleza habari za James Harris, kama nilivyozieleza hapa. Halafu nikamwuliza mambo matatu. Jina hilo kalitunga nani, na kwa ajili ya macho ya nani? Ukivunjika shingo, hizo 200 zitakufikisha hospitali gani? Na la tatu, ambalo Harris hakuwa nalo: video ikishatoka huiwezi tena. Barabarani kuna vizuizi. Askari akikuta sura yako kwenye simu umeshika panga na jina Mashababu limeandikwa chini, utaanza kumweleza mieleka?

Akanyamaza. Mama yake, dada yangu, alikuwa anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa: "Mwaka ule wa picha mtu mmoja aliniambia nibadili kitenge, eti hiki kizuri mno, nikae chini kwenye vumbi. Nikamwambia, nimekimbia nacho, nimelala porini nacho, na picha utanipiga nacho. Akapiga. Sijui aliitumia au aliitupa." Kisha akaendelea na maharage yake. Jina Mashababu hakulitamka, na mtoto aliona kwamba hakulitamka.

Ninyi mnaofanya kazi na mashirika, najua wengi wenu mnatusoma hapa, na wengi mnaomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Nasema hili kwa wema. Mnapotuuliza habari zetu, kuna sura ambayo tunajua inapendwa, na wapo kati yetu wanaoivaa kwa ufundi mkubwa, kwa sababu orodha ya unga ni ndefu. Msiwaite waongo. Wanajua kuanguka. Ila ulizeni pia yule mtu alikuwa nani kabla ya jina hili: mvuvi, mshonaji, fundi baiskeli, mchezaji wa ngoma. Jina la deslocado tumepewa na wengine, na limetusaidia kupata hema. Halitoshi kumzika mtu nalo.

Mpwa wangu alirudi kwa yule kijana na masharti yake mwenyewe. Majina watachagua wao. Chini pachimbwe, pawekwe mchanga laini. Pesa kabla ya kupanda. Na mama zao wawepo. Yule kijana akacheka, akasema majina ya namna hiyo hakuna atakayetazama, akaondoka na simu yake.

Siku nne mpwa wangu hakunisemesha. Namwelewa. Metikali 200 zilikuwa za kweli, na mimi sikuwa nazo za kumpa badala yake. Sina hakika kama siku moja hatanilaumu tena, akiona wengine wamepata.

Siku ya tano nikamkuta nyuma ya tangi na jembe. Wamechimba shimo, wamesomba mchanga kwa ndoo, wameweka magunia kuukuu chini yake. Sasa ana jina: Chapa Cem, kama yale magari yetu ya abiria, kwa kuwa akishaondoka hasimami kwa mtu na daima amejaa. Mpinzani wake ni Kiboko wa Ruvuma. Yupo binti mmoja anaitwa Mama Mihogo, na huyo hajapigwa bado. Wanasema sana, wanatukanana kwa Kimakwe, Kimwani na Kireno, na wanawake wenye ndoo wanasimama kucheka mpaka foleni ya maji inavurugika. Mimi kazi yangu ni moja, kusimama pembeni na kupiga kelele: kidevu! kidevu kifuani!

Hakuna aliyelipwa hata metikali moja mpaka leo. Wanacheza Jumatano na Jumamosi, jua likipungua. Ukipita njoo utazame, na kama una gunia kuukuu usilitupe, upande wa mashariki shimo bado ni gumu.