Tandiko la Msafiri: Kutoka Biashara Street hadi Hosteli ya Nairobi



Katika msimu huu zipo nyumba nyingi za Pwani ambamo sanduku limekaa wazi ukumbini, na kila apitaye hutia kitu ndani yake. Barua za vyuo zimekwisha kufika. Karo imejadiliwa na kina ami na khalati, mkopo wa serikali umeombwa, nafasi ya hosteli imelipiwa. Kisha siku mbili tatu kabla ya safari mama wa nyumba hushika kichwa: mtoto huyu atalala juu ya nini, na atajifunika nini? Hapo fedha zimekwisha. Nasi tumepita katika jambo hilo juzi kwa ajili ya binti yetu wa mwisho, mkononi tukiwa na shilingi 6,000 zilizotengwa kwa matandiko peke yake, na tumeona tuwatembeze wasomaji katika masoko tuliyoyapita, kuanzia mjini kwetu hadi Nairobi.

Lakini hatuna budi kuanza na aibu yetu.

Miaka tisa iliyopita tulimpeleka kaka yake katika chuo kimoja huko huko bara. Alikuwa wa kwanza katika nyumba yetu kuingia chuo kikuu, na sisi, tuliosomea madrasa na kulala juu ya mkeka, fahari ilitupanda kichwani. Tulikopa. Tukanunua seti ya kitanda iliyokunjwa ndani ya mfuko unaong'aa wenye zipu, mashuka yake yakiteleza kama hariri, pamoja na duveti nyembamba yenye maua. Tukaongeza na godoro la upana wa futi nne, kwa kuwa vitanda vya nyumbani kwetu ni vya futi nne, wala haikutupitia akilini kuwa kitanda kingine chaweza kuwa na upana mwingine. Alipofika alikuta kitanda cha chuma, dabo-deka, upana wake futi mbili na nusu. Godoro lilining'inia ubavuni kama ulimi wa ng'ombe mwenye kiu, na shuka likawa laanguka chini kila usiku. Blanketi hatukumpa, maana baridi tuliipima kwa kusi ya Mombasa, ambayo kwayo mtu hujitanda leso akaona amejihami.

Hakusema neno. Tulikuja kujua aliporudi likizoni mwezi wa Agosti, mama yake alipoutoa msala wake ili aufue, akauona umechakaa pembe zote nne na kuingia harufu ya kulaliwa. Alipombana, akakiri. Tangu Juni alikuwa akilala na kanzu mbili, koti na soksi, kisha akiutandaza ule msala juu ya duveti. Akasema, "Nilijua mmekopa, Baba. Ningewezaje kuomba tena?" Deni la duveti ile lilitumaliza Ramadhani mbili.

Kwa hiyo safari hii yeye ndiye tuliyemfanya mshauri wetu, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba kisinunuliwe kitu mpaka hosteli ipigiwe simu. Vyuo havifanani. Kuna vinavyotoa kitanda na godoro, na kuna vinavyotoa chuma kitupu. Na hosteli za watu binafsi zilizo nje ya chuo kila moja ina desturi yake. Tukauliza mambo matatu tu: upana wa kitanda, godoro ni la nani, na kama kuna mahali pa kufulia na kuanikia. Tukajibiwa: futi tatu kwa sita, godoro la mwanafunzi mwenyewe, na kamba za kuanikia ziko juu ya dari ila nguo huibwa. Habari hiyo ya mwisho haikuulizwa, nasi tuliishukuru.

Basi tukaanzia Biashara Street. Asiyeijua Mombasa ataambiwa kuwa huo ndio mtaa wa leso: maduka yamebanana bega kwa bega, doti zimetundikwa milangoni kutoka dari hadi sakafu, na akina mama wamesimama wakisoma majina ya leso kwa sauti, huyu akicheka, yule akikunja uso kwa kuwa limemgusa. Sisi hatukwenda kwa leso. Tulikwenda kwa kitambaa cha shuka kikatwacho kwa wari, kwa kuwa mama watoto ana kauli moja asiyoibadili, nayo ni kwamba shuka la tayari hulipia mfuko kabla ya kulipia uzi.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Godoro la futi sita lina inchi 72. Ukiongeza unene wa inchi 6 kila upande ni 84, na kidogo cha kuchomekea ni 90, yaani wari mbili na nusu kamili. Upande wa upana ni inchi 36, unene wa pande mbili 12, na cha kuchomekea 12 nyingine: jumla 60, na kitambaa cha shuka chenye upana wa inchi 60 kipo. Kwa hiyo wari tano hutoa mashuka mawili bila kupoteza kipande, na robo tatu ya wari hutoa foronya. Muuzaji alitutolea aina tatu. Ya kwanza ni pamba tupu, nzuri mno, bei yake ikatutoa jasho. Ya pili nailoni ing'aayo, ndugu yake yule wa miaka tisa iliyopita, tukaisukuma mbali kabla haijafunguliwa. Tukachukua pamba iliyochanganywa na polista, rangi ya udongo isiyoonyesha doa, shilingi 160 kwa wari: jumla 920. Fundi cherehani wa mtaani kwetu akakunja pindo kwa shilingi 200.

Tulipokuwa tukisubiri kukatiwa, mzee mmoja dukani alitukumbusha kuwa zamani shuka la Mswahili lilikuwa marekani, ile pamba nyeupe ngumu iliyopewa jina la nchi ilikotoka, wakati merikebu za huko zilipokuwa zikija Unguja katika karne ya 19. Ilikuwa shuka, kanzu na sanda, vyote katika jora moja. Ikifuliwa mara kumi hulainika, alisema, na ikifuliwa mara mia huanza kuwa nzuri.

Mto haukununuliwa. Ua wa nyanya yake binti una msufi, na maganda yake yakishapasuka yeye huokota, huchambua mbegu, akahifadhi gunia moja kwa shughuli kama hizi. Alikaa siku mbili barazani akiujaza mto, sufi ikiruka kama vumbi jeupe na kumkalia ushungini, wala hakukubali kusaidiwa na mtu. Foronya aliidarizi mwenyewe. Baadhi ya vijana huona haya kubeba mto wa sufi, wakadhani ni ukale. Sisi twasema mto wa sponji wa bei ndogo hukatika vipande ndani ya muhula mmoja, ilhali wa sufi, ukianikwa juani kila wiki na usipatwe na maji, hukaa miaka. Tukamkumbusha binti kuwa godoro la Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, lilikuwa la ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende, kama alivyosimulia Bi Aisha. Akatabasamu, akasema mto haukuwa umemtia haya hata kabla ya hadithi.

Blanketi tulilifuata Kongowea. Tulivuka daraja la Nyali asubuhi na mapema, kwa kuwa soko lile lina saa zake: robota likifunguliwa, vilivyo vizuri huondoka kabla jua halijapanda. Kongowea ni soko la mboga na samaki na viazi, lakini upande wa mitumba ni mji mwingine. Vibanda vya turubai vimeshikana, njia ni nyembamba, na wauzaji wamesimama juu ya mabiwi ya nguo wakipiga makofi na kuimba bei. Mama watoto alitangulia, sisi tukawa wabebaji wa kikapu.

Tulimtazama akichagua, na twaona si haki kumficha msomaji ufundi wake. Blanketi alilinyanyua dhidi ya mwanga, kwa maana mahali palipochakaa nuru hupenya. Akalivuta pembe kwa pembe. Likitoa mlio wa uzi kukatika, aliliacha. Akalinusa katikati, si ukingoni. Akaukunjua ukingo kwa kucha akitafuta vidoa vidogo vyeusi, ambavyo ni alama ya kunguni. La sufu ya kondoo alilikataa ingawa lilikuwa zito na zuri, kwa hoja kwamba mtoto wa hosteli hana pa kulikausha. Akachukua la manyoya mafupi ya kisasa, ambalo hukauka kwa nusu siku. Muuzaji alisema, "Chukua mia tisa, shekhe wangu, kwa kuwa ni wewe." Tukafungua kinywa kukubali, mama watoto akatukanyaga mguu. Tulilichukua kwa 600.

Mto na godoro vya mitumba havinunuliwi kabisa, hata viwe bei ya bure. Ndani yake hapafuliki. Na blanketi la mtumba lisiingie chumbani kabla ya kuloweshwa katika maji ya moto, yasipungue nyuzi 60, kisha likakaa juani mchana kutwa. Kunguni hawastahimili joto hilo, na tohara nayo hupatikana kwa maji hayo hayo.

Chandarua tulikiacha nyumbani kwa makusudi, kwa kuwa Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700, na malaria si maradhi ya huko. Lakini mzazi ambaye mwanawe amepangiwa chuo cha upande wa Kisumu au Maseno asitufuate katika hili. Huko chandarua kilichotiwa dawa ni cha kwanza kufungwa, kabla ya shuka. Badala yake mama yake alitia leso mbili kuukuu, ngumu za pamba. Binti akipata kitanda cha chini cha dabo-deka, leso huchomekwa chini ya godoro la juu ikateremka kama pazia, naye akapata sitara ya kubadili nguo na kusoma usiku bila kuwaudhi wenzake.

Tulipanda basi la usiku. Safari ya kilomita 480 hivi haina mengi ya kusimulia kwa aliyeipita mara nyingi: Mariakani, Voi, chai ya Mtito Andei iliyo ghali kuliko ladha yake. Tulipoteremka Nairobi baridi ilitushika masikio. Tulisali alfajiri Msikiti wa Jamia, tukamkuta kijana wetu akitungoja ngazini, siku hizi akifanya kazi mji huo huo.

Godoro tulikuwa tumelibakizia Nairobi, kwa kuwa nauli ya mzigo ingekula akiba yote. Duka la kwanza tuliloingia lilikuwa karibu na kituo cha mabasi, nalo lilikuwa na godoro zito, gumu, la shilingi 2,400, ambalo mwenye duka aliapa kuwa ni la daraja la juu. Tulifurahi. Kijana wetu akaomba zipu ifunguliwe. Mwenye duka akasema zipu ni ya kiwandani, haifunguliwi. Akaomba tena, kwa upole, mpaka ikafunguliwa inchi chache, na ndani tukaona vipande vya sponji vya rangi saba vilivyogundishwa pamoja kama pilau iliyolala. Tukatoka bila maneno. Sisi peke yetu tungelilipia, tena kwa shukurani.

Tukaenda Eastleigh, mtaa ambao biashara yake ya leo ilichipuka miaka ya mwanzo ya 1990, pale nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge ilipogeuzwa vyumba vya maduka na Wasomali waliokimbia vita. Sasa ni maghorofa juu ya maghorofa, mikokoteni, ubani, kahawa ya tangawizi, na matope hata siku isiyo na mvua. Huko mwenye duka alifungua zipu kabla ya kuombwa. Sponji lilikuwa la rangi moja. Kijana akaweka goti katikati, akalikandamiza kwa uzito wake wote, akahesabu hadi kumi, akaondoka; likarudi mahali pake papo hapo. Sponji jepesi huacha shimo, na shimo hilo ndilo mgongo wa mtoto utakapolala kwa miaka minne. Futi tatu kwa sita, unene wa inchi sita: shilingi 3,200. Mkokoteni hadi stendi ya matatu, 150.

Zikabaki 930. Tulitaka kumpa binti mkononi. Kaka yake akakataa, akatuvuta katika duka la pili, akanunua blanketi jingine zito la shilingi 900.

Binti akauliza, "Mawili ya nini, kaka?"

Akamjibu, "Moja la kila siku. Hili la Julai."

Shilingi 30 zilizosalia zikanunua chai moja, tukainywa kwa zamu.

Langoni mwa hosteli ya wasichana askari alituzuia, sisi na kijana, na alikuwa na haki. Mama yake akapanda peke yake na binti, huku amebeba chupa ya chai iliyojaa maji yanayochemka aliyoyanunua kibandani, kwa kuwa viungo vya vitanda vya chuma na matundu ya skrubu ndiyo makao ya kunguni, na dawa yao ya kwanza ni maji hayo, kabla godoro halijawekwa. Sisi wawili tulikaa juu ya ukuta mfupi tukitazama madirisha, tusijue lipi ni lake. Baada ya saa nzima leso ya njano ikatokea dirisha la ghorofa ya pili, ikakung'utwa, ikarudi ndani.

Mama watoto akashuka, mikono yake miekundu kwa maji ya moto.

"Limeingia," alisema. "Halikuzidi hata kidole."

Kijana wetu akageuka upande wa barabara, akakaa muda mrefu akitazama matatu zinavyopita.